Zaburi ya 104, kutoka Goma hadi Bukavu

Jumatatu, Goma

Kesho tunavuka ziwa Kivu. Ninampeleka mtoto wa dada yangu kwa baba yake Bukavu, akamalizie huko likizo ya kiangazi hiki cha 2023. Dada anabaki na kazi yake sokoni, mimi shule zimefungwa, kwa hiyo safari imeniangukia, na nimeipokea kwa furaha. Biblia nimeiweka juu kabisa ya kikapu. Nimekusudia kuisoma Zaburi ya 104 njiani, aya chache kila siku, mahali ambapo maneno yenyewe yanaonekana kwa macho. Humo mna mawingu na chemchemi, ndege na mierezi, mbuzi wa milimani, mwezi, wanasimba wakilia usiku, bahari na merikebu zake. Na karibu na mwisho mna mstari ambao mtu wa Goma hawezi kuupita mbio: "Aitazama nchi, inatetemeka; aigusa milima, inatoka moshi."

Mtoto ana miaka kumi na miwili. Tangu tarehe 22 Mei 2021 analala na viatu kando ya godoro, ncha zikiwa zimeelekezwa mlangoni. Jioni ile Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulipasuka ubavuni, mto wa moto ukateremka, ukakata barabara ya Rutshuru, ukasimama Buhene, pembezoni mwa mji, si mbali na uwanja wa ndege. Baadaye ardhi ikatetemeka mchana na usiku, kuta zikafunguka nyufa, na tarehe 27 tukaamriwa kuondoka. Tulitembea hadi Sake katikati ya watu wasio na idadi, mimi nimebeba godoro, yeye amebeba sufuria. Hakulia njiani. Alianza kulia tuliporudi nyumbani, kila lori kubwa lilipopita na vioo vikatikisika.

Na mimi tangu hapo nimekuwa nautazama mlima kwa swali moja tu: leo uko namna gani? Nafungua dirisha, napima rangi ya moshi, nafunga. Swali hilo lina haki yake, wala sitaki kuliacha. Lakini zamani nilikuwa na macho mengine pia. Baada ya mlipuko wa Januari 2002 ziwa la moto lilirudi ndani ya kreta, na kwa miaka mingi wingu juu ya Nyiragongo lilikuwa jekundu usiku. Koko yangu, mama mzaa mama, alikuwa akitoka na kikombe cha chai baada ya sala ya jioni, akasimama uani akiliangalia. Hakusema kitu. Mimi msichana wa shule nilisimama naye mpaka baridi ikatushinda. Wingu lile ninalikumbuka wazi kuliko masomo ya mwaka ule.

Koko huyo ndiye aliyenifundisha kutazama chini pia. Ule mto wa moto wa 2002 ulipita katikati ya mji, ukazika mitaa ya Birere na kanisa kuu la Wakatoliki, ukaingia ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na kurudi siku chache baadaye, mawe yakiwa bado na joto, mvua ikinyesha yanatoa mvuke. Watu walianza kuyapasua kwa nyundo wajenge kuta. Koko alikuwa akiyazunguka tu, akikagua nyufa. Siku moja, miezi mingi baadaye, aliniita kwa sauti nikadhani ni nyoka. Kumbe ni jani la kangaga, dogo kuliko kidole changu, limetoka kwenye ufa ambamo sikuona udongo hata wa kujaza kijiko. "Njoo uone," akasema. "Mungu ameanza tena."

Leo alasiri nimempeleka mtoto kwenye jiwe hilo hilo. Limefunikwa na kitu cha kijivu, kifupi, kikavu ukikigusa. Nimemweleza kwamba ni viumbe wawili wanaoishi kama mmoja, kuvu na mwani: mmoja anashika jiwe na kuhifadhi unyevu, mwingine anapika chakula kwa jua. Wao hutangulia. Wanalilegeza jiwe kidogo kidogo, vumbi linakaa, kangaga linafuata, kisha nyasi, kisha vichaka. Udongo wa Masisi unaotupa viazi, kabichi na maziwa ya ile jibini umetokana na moto wa zamani uliopitia mikono ya wadogo kama hawa. Mtoto alikikwangua kwa ukucha, akanusa, akauliza kama kinaumia. Sikujua nijibu nini, nikamwambia aache kukwangua.

Siwezi kuandika juu ya uzuri wa mlima huu nikajifanya sijaona kilicho chini yake. Huko Kanyaruchinya, juu ya mawe haya haya, watu waliokimbia vita vya Rutshuru wanaishi chini ya maturubai, na chini kumechongoka kiasi kwamba hata kulala ni kazi. Zaburi ninaifungua pamoja nao machoni.

Jumanne, ziwani

Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, ilibeba mizigo yetu hadi bandarini kabla ya saa moja. Tumepanda meli ya mchana, ile ya polepole, kwa sababu boti ya haraka haikupi muda wa kutazama chochote. Mtoto alivaa jile, lile koti la kuokolea majini, kabla hatujaketi, na hakuivua.

Tulipotoka Goma wavuvi walikuwa wanarudi. Mitumbwi yao huenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti, na miti mingine mirefu imechomoza mbele na nyuma kushikilia wavu. Walikuwa wamekesha na taa zao wakivua sambaza, na bado walikuwa wanaimba, mmoja anatoa, wengine wanaitikia, makasia yakifuata. Samaki huyo hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo sijui jiko la Kivu lingekuwaje bila yeye. Niliisoma aya ya 27 huku sauti zao zikisikika: "Hao wote wanakungoja Wewe, uwape chakula chao kwa majira yake." Mama mmoja aliyeketi karibu nasi, ana ndoo mbili za sambaza wakavu miguuni, aliitikia Amina bila kugeuka.

Kisha mtoto akauliza lile nililokuwa nalingoja tangu Goma.

"Mama mdogo, kule chini kuko nini?"

Nilimweleza yote, kwa kuwa nusu ya ukweli humtisha mtoto kuliko ukweli mzima. Kule chini mnafika mita 480 hivi. Maji ya juu, yale tunayochota na kuogelea, hayachanganyiki na ya chini. Ya chini ni ya moto kidogo, yana chumvi na madini kutoka chemchemi zinazoingia sakafuni, kwa hiyo ni mazito na yanakaa mahali pake. Ndani yake mmeyeyuka gesi: kaboni dayoksidi, kilomita za ujazo zipatazo 300, na methani kama 60, ambayo sehemu yake inatengenezwa na vijidudu visivyoonekana, gizani, pasipo hewa. Gesi hiyo haitoki kwa sababu uzito wa maji yaliyo juu unaikandamiza. Chupa ya soda ikiwa imefungwa huoni povu. Ndugu zetu wa Rwanda wanaivuta methani hiyo pale Kibuye na kuigeuza umeme.

"Na ikifunguka?"

Nikamwambia juu ya ziwa Nyos la Kamerun, ambalo mwaka 1986 lilitoa kaboni dayoksidi yake usiku na kuua watu wapatao 1,700. Nikamwambia pia kwamba Kivu ni tofauti, tabaka zake zimetulia kwa muda mrefu sana, na wataalamu wa pande zote mbili wanazipima. Goma sisi tunaijua gesi hiyo kwa umbo dogo: mazuku, ile hewa mbaya inayokaa mabondeni na kuua mbuzi aliyeinamisha kichwa. Mtoto anajua mazuku; wameonywa tangu wadogo wasicheze mashimoni asubuhi.

Alifikiri kwa muda. Halafu: "Sasa nani ameifunga?"

Nilianza kurudia habari ya uzito wa maji, kisha nikanyamaza, kwa sababu hilo nilikwisha kusema na yeye alikuwa amelielewa. Alikuwa anauliza lingine. Nikarudi nyuma hadi aya ya 9, pale mwimbaji anaposema juu ya maji ya vilindi: "Umeweka mpaka yasiupite, wala yasirudi kuifunikiza nchi." Nilimsomea mara mbili. Sikumwambia kwamba mstari huo ni hati ya dhamana ya ziwa Kivu. Aliyeuimba hakuwahi kuliona ziwa hili, na Mungu hakutuahidi kwamba hatutapatwa na jambo. Lakini kwamba kuna mpaka, kwamba maji mazito yanakaa chini na mepesi juu kwa utaratibu ambao hakuna mtu aliyeuweka, na kwamba mimi nimefua nguo maisha yangu yote juu ya utaratibu huo bila kuufikiria, hilo lilinishika pale kwenye ubao wa meli hata nikaacha kuongea. Ayubu aliulizwa kama amewahi kutembea katika siri za vilindi. Siku zote nilisoma swali hilo nikasikia ukali wa mwalimu. Leo nimesikia jingine ndani yake: Mungu anafurahia vilindi vyake, anataka Ayubu ajue kwamba vipo.

Nikamweleza na hili, ambalo binafsi naliona kubwa kuliko yote. Zamani sana maji ya bonde hili yalikuwa yanakwenda kaskazini, kuelekea ziwa Edward na mto Nile. Volkano za Virunga zikainuka, zikaziba njia. Maji yakajaa, yakapanda, yakatafuta pengo jipya upande wa kusini, na leo yanatoka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, na kutoka Tanganyika hadi mto Kongo na Atlantiki. Ziwa Kivu kama tunavyolijua limetengenezwa na safu ile ile ya milima inayotufanya tulale na viatu kando ya godoro. Mtoto aligeuka nyuma kutafuta Nyiragongo, lakini vumbi la kiangazi lilikuwa limekwisha kuufunika.

Tulipita Idjwi mchana. Kisiwa hicho hakiishi upesi; kijani chake kinakwenda nawe saa baada ya saa, mashamba ya mananasi na kahawa, migomba, mapaa ya mabati yanayong'aa, watoto wanaopunga mikono wakijua kabisa kwamba meli haisimami. Mwewe mmoja alitufuata kitambo. Mdiria mweusi na mweupe alikuwa anasimama hewani palepale, mabawa yakipiga, kichwa kimetulia kabisa, kisha anaanguka majini. Mtoto alihesabu mara ambazo ndege huyo alikosa samaki. Mimi nilihesabu mara ambazo alipanda tena.

Bukavu ilitokea jioni, rasi zake tano zimeingia majini, nyumba zimepandana kilimani hadi juu. Shemeji alikuwa bandarini. Mtoto alimkimbilia akiwa bado na jile, mpaka baharia akamwita airudishe.

Jumatano, Bukavu

Siku ya kupumzika. Tumekula bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza wa kukaanga, tumelala mchana. Jioni umeme ukakatika na shemeji akaanza kusimulia tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Alinielewa, akahamia habari za mpira.

Alhamisi, Lwiro

Shemeji alipata gari la kwenda Kavumu na mbele yake, tukaambiwa tuwe tayari saa kumi na moja. Niliamka saa kumi. Umeme ulikuwa bado haujarudi, na kwa sababu hiyo mbingu ilikuwa wazi juu ya mtaa mzima. Nikamwamsha mtoto. Upande wa mashariki, juu ya vilima vya Rwanda, Kilimia kilikuwa kimepanda, nyota zake zimesongamana. Nilimwonyesha jinsi koko alivyonionyesha: usikitazame moja kwa moja, tazama pembeni kidogo, kitajitokeza chenyewe. Koko alikuwa mkulima wa Kabare kabla ya kuolewa Goma, na nyota hizo alizitumia kukumbuka kwamba mvua za Septemba ziko njiani, jembe liandaliwe.

"Nikiziangalia mbingu zako, kazi ya vidole vyako, mwezi na nyota ulizoziratibisha, mtu ni kitu gani hata umkumbuke?" Zaburi ya 8 naijua kwa moyo, na kwa kuwa naijua kwa moyo nilikuwa nimeacha kuisikia. Kazi ya vidole. Sisi tunaofuma na kushona tunajua tofauti ya kazi ya mkono mzima na kazi ya vidole. Ya vidole ndiyo inayotaka uvumilivu na macho. Mtoto aliuliza kama Kilimia kinaonekana pia kutoka Kanyaruchinya. Ana rafiki yake wa darasani huko. Nikamwambia kinaonekana, saa hii hii.

Lwiro ni mahali pa ajabu, majengo makubwa ya mawe yaliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa ajili ya utafiti, bustani, maktaba, na nyuma yake msitu wa Kahuzi-Biega unapanda. Siku hizi wengi huja kwa ajili ya sokwe mtu. Kituo cha kuwatunza kilianza mwaka 2002, na wako zaidi ya mia moja, pamoja na nyani na kima wa aina nyingi. Karibu wote ni yatima: mama zao waliuawa kwa nyama, wao wakachukuliwa wauzwe. Kuna akina mama wafanyakazi wanaowalea wadogo kwa chupa na kuwabeba kifuani, maana sokwe mchanga asiyebebwa hufa hata akishiba. Tulimwona mmoja akitekenywa na mlezi wake, na akacheka. Sisemi alitoa sauti inayofanana na kicheko; alicheka, mdomo wazi, pumzi ikikatika, akishika mkono wa mama yule aendelee. Mtoto wetu naye akaanza kucheka na hakuweza kuacha. Sikumbuki ni lini nilimsikia akicheka hivyo.

"Lakini sasa waulize hao wanyama, nao watakufundisha." Ni maneno ya Ayubu mwenyewe, sura ya 12, akiwa kwenye majivu, amezikwa na msiba. Nalipenda sana jambo hilo, kwamba mtu aliyepoteza watoto wake wote bado anawataja ndege wa angani kama walimu.

Mtafiti mmoja wa pale, rafiki wa shemeji, alituonyesha ramani ukutani. Kipimo cha matetemeko kipo Lwiro tangu enzi za ukoloni. Alimweleza mtoto kwa utulivu mkubwa kwamba bara la Afrika linapasuka polepole kwenye bonde letu, milimita chache kwa mwaka, na kwamba kupasuka huko ndiko kulikoinua milima ya Mitumba, kukachimba Kivu na Tanganyika, kukafungua njia ya moto wa Virunga, na ndiko kunakotikisa vitanda vyetu. Mtoto alimuuliza swali la kitaalamu: milimita chache, ukucha wa mtu unaota kiasi gani kwa mwaka? Mtafiti akafurahi, akampa karatasi ahesabu. Ukucha ulishinda mbali. Walikaa na hesabu hiyo muda mrefu, na mimi nikawaacha.

Ijumaa, Tshivanga

Tshivanga ni lango la mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ikaingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1980. Jina ni la milima miwili iliyozimika: Kahuzi, mita 3,308, na Biega, 2,790. Hapa ndipo wanapoishi gorila wa Grauer, wakubwa kuliko nyani wote walio hai, na duniani kote hawapatikani porini nje ya mashariki ya Kongo yetu. Watoto hawaruhusiwi kuwafuata, kwa hiyo sisi tuliomba matembezi mafupi ya msituni tu pamoja na mlinzi.

Mianzi ilitufunika upesi. Ndani yake mwanga unabadilika rangi, na sauti ya barabara inakatika ghafla. Mlinzi alitembea mbele akigusa vitu: hapa walikula maganda, hapa walipita, huyu alikuwa mkubwa, tazameni upana. Kisha akatuonyesha kiota. Kila jioni gorila hutengeneza malazi mapya, anakunja matawi na majani chini yake, analala, kesho anaacha na kutengeneza mengine. Walinzi huhesabu viota ili wajue familia ina wangapi. Na gorila wenyewe wanawatambua kwa mikunjo ya pua, kwa kuwa hakuna pua mbili zinazolingana. Kiota kile kilikuwa cha siku kadhaa, majani yamenyauka, katikati bado pamebonyea. Mtoto alichuchumaa mbele yake muda mrefu.

Mungu alipomjibu Ayubu hakumweleza sababu ya mateso yake. Alimpeleka kwa mbuzi-mwitu wanaozaa majabalini bila mkunga, kwa punda-mwitu asiyetii kelele za msimamizi, kwa mvua inayonyesha nyikani ambako hakuna mtu wa kuishukuru. Wanyama wasiotuhusu! Nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, na katika mafundisho yetu wanyama huja wakiwa na kazi: kondoo wa kutoa sadaka, punda wa kupandwa, samaki wa kumkamata Yona. Pale kwenye kiota niliona kitanda kilichotandikwa kwa uangalifu, kila usiku, tangu kabla koko wa koko zangu hawajazaliwa, na hakuna hata usiku mmoja ambapo kilitandikwa kwa ajili yangu. Nilifurahi mno. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Msitu huu una vilio vyake vilevile. Batwa waliokuwa wakiishi ndani yake waliondolewa mbuga ilipoundwa, na hadi leo wengi hawana ardhi. Walinzi nao wameuawa kwa bunduki miaka hii ya vita. Mlinzi wetu aliwataja wenzake kwa majina njiani kurudi, bila kuulizwa.

Jumamosi

Kufua. Mtoto ameanza daftari la maswali.

Jumapili, Ruzizi

Baada ya ibada shemeji alitupeleka kwenye daraja, pale ziwa linapokuwa mto. Kwa mtu wa Goma ni jambo la kushangaza: maji yetu, yaliyotulia kiasi kile, yanakaza mwendo, yanaingia kwenye pengo na kwenda. Yataanguka zaidi ya mita 600 kabla ya kufika Tanganyika. Mabwawa ya chini yanageuza anguko hilo kuwa umeme, na waya wake unarudi hadi Goma. Mtoto alilifuata jambo hilo kwa kidole hewani: mlima uliziba, maji yakageuka, maji yakaanguka, taa ya nyumbani ikawaka. "Na ikakatika," akaongeza baba yake, na wote wawili wakacheka.

Tulikaa kwenye ukingo, nikampa Biblia asome mwisho wa Zaburi. Alisoma polepole, Kiswahili cha Biblia kinamsumbua kidogo. "Utukufu wa Bwana na udumu milele, Bwana na ayafurahie matendo yake. Aitazama nchi, inatetemeka. Aigusa milima, inatoka moshi." Akasimama.

"Mama mdogo, ni mlima wetu?"

"Ni wa namna hiyo."

"Kwa hiyo anaufurahia?"

Niliisoma tena mwenyewe. Mistari hiyo miwili inafuatana, 31 na 32, furaha ya Bwana kwanza, moshi baadaye, na unaofuata ni, "Nitamwimbia Bwana maadamu ninaishi." Aliyeandika hakuuondoa mlima wa moshi kwenye hesabu ili wimbo uwe mtamu. Nilimwambia mtoto ndiyo, naamini anaufurahia. Nikamwambia pia kwamba Eliya alipokuwa pangoni, Bwana hakuwamo katika tetemeko, wala katika moto, na sauti iliyokuja baadaye ilikuwa ndogo, ya utulivu. Yote mawili yameandikwa, na mimi sijaweza kuyaunganisha yakawa jibu moja. Akauliza kama ayaandike kwenye daftari. Nikamwambia ayaandike, ukurasa mmoja kila moja.

Mimi narudi Goma kesho kutwa. Yeye atabaki na baba yake hadi masomo yaanze. Leo jioni nimempigia mchungaji wetu simu. Nimemwomba kwamba watoto wa shule ya Jumapili waanze mwaka na Zaburi ya 104, nje, juu ya mawe ya 2002, wapekue nyufa watafute kile cha kijivu na makangaga, na kwamba mstari wa 32 usirukwe. Siku hiyo hiyo, wakiwa bado wamesimama juu ya mawe, waonyeshwe barabara ya Sake na ya mpakani Gisenyi, wajue nani atamshika nani mkono kama itabidi kuondoka. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama tutahitaji mwavuli, maana Septemba mvua huwa zimerudi. Nimemwambia tutahitaji mingi.